Kiti cha Ngongoti

Tarehe 5 Machi

Mwanangu mpishi wa keki,

Hujambo? Na binti yako hajambo? Mimi sijambo, ila macho. Hiki kitu wanakiita mtoto wa jicho. Nimezalisha wanawake maisha yangu yote, na huyu ndiye mtoto pekee aliyenishinda kumtoa. Kwa hiyo usishangae kuona herufi kubwa kama za mwanafunzi wa darasa la kwanza. Najua utasema si angepiga simu tu. Simu siipendi. Neno ukishalisema kwenye simu limekwenda, huwezi kulikata kwa kalamu.

Nakuandikia habari za gari nililokuuzia. Jana imekuja barua kutoka kwa kampuni iliyolitengeneza, imeandikwa jina la marehemu mume wangu. "Mteja wetu mpendwa, tunatumaini unafurahia safari zako." Mke wa mwanangu ndiye aliyenisomea. Nilicheka mpaka nikalia, maana safari aliyokwenda yule mzee hakuna aliyewahi kurudi akatuambia kama inafurahisha.

Basi, wanayaita magari yote ya aina ile yarudi kwenye gereji zao. Sisi wakunga hatuna bahati hiyo. Mtoto akishatoka ametoka, humwiti arudi akarekebishwe masikio. Lakini wao wamegundua wamekosea, na wanasema watatengeneza bure.

Kosa lenyewe ni hili. Chini ya kiti cha dereva kuna fungu la nyaya. Kiti kikirudi nyuma kabisa, mpaka mwisho wa reli, chuma chake kinazibana nyaya na kuzisugua. Zikichubuka, ule mfuko wa hewa unaofura mbele ya dereva gari likigonga unaweza kukataa kufura siku ya ajali. Au ufure wenyewe tu, unaendesha zako, ukupige ngumi ya uso. Sasa, lipeleke gari upesi. Na mpaka lishughulikiwe, vile vitufe vya kiti vilivyoko mlangoni, usibonyeze namba mbili. Tumia moja tu.

Nimekuwekea ukurasa wa barua yao humu ndani, usome mwenyewe. Mke wa mwanangu anakwenda mjini, atapitia ofisi ya vifurushi.

Wako,
Mama Mkunga

*

Tarehe 12 Machi

Mama Mkunga, shikamoo.

Barua nimeipata, nimeisoma nikiwa nimesimama, unga mikononi. Mama, mimi ni mtu wa kusema wazi, na kwa kuwa nakuheshimu kama mama yangu mzazi sitazunguka. Gari nililinunua, sikuliazima.

Siku ya kukabidhiana nilikuona. Ulifunga mlango, ukaufungua, ukaufunga tena. Halafu ukaenda ukakaa kiti cha abiria peke yako, gari limezimwa, sisi wengine tumesimama juani na funguo mkononi tunatazamana. Wiki haijaisha ukanipigia, wewe usiyependa simu, ukaniambia, "Ukilichoka, uniambie mimi kwanza." Nikajua huyu mama ana lake jambo. Leo ni kampuni inalitaka. Kesho nitaambiwa limekwama huko gereji, halafu siku moja nitaliona linapita barabarani, mwanao kwenye usukani.

Nimemuuliza fundi wa hapa mtaani. Anasema hajawahi kusikia, na kwamba mwenye duka akikuita urudi baada ya kununua, ujue kuna kitu anataka. Yule ukurasa nimemwonyesha pia, akasema siku hizi kila mtu ana mashine ya kuchapa.

Mama, nielewe. Kabla ya gari hili nilikuwa nabeba keki za watu kwa gari la kukodi, kila shimo naomba dua. Niliwahi kufika kwenye harusi na ghorofa ya juu imelala juu ya ya chini kama walevi, bibi harusi akanitazama kwa macho ambayo sitayasahau. Hili gari halina haja na mashimo. Juzi nimepeleka keki ya ghorofa tatu mpaka upande wa pili wa mji, hata ua la sukari halikudondoka. Watu wananitania, ati mpishi wa keki na gari la mheshimiwa. Wacha waseme. Gari hili ndilo jiko langu la pili, na mkate wa binti yangu unatoka humo.

Na hiyo namba mbili! Ukimkataza mtu kufunua chungu ndiyo umempa hamu. Nilitoka na barua yako mkononi nikaenda kubonyeza. Lo! Kiti kikaanza kurudi nyuma, zzzz, pole pole kama mzee anayejinyoosha, usukani unapanda, vioo vya pembeni vinageuka, mpaka nikabaki nimekaa huko mwisho, miguu inaning'inia kama mtoto kwa kinyozi. Binti yangu alicheka mpaka akakaa chini. Sasa kila jioni nikirudi anapanda yeye. Anabonyeza mbili, anabonyeza moja, anabonyeza mbili. Anauita mchezo huo "safari ya kwenda nyuma". Sijaona hata cheche.

Kama nimekuwa mkali, nisamehe. Lakini gari halirudi.

Mimi,
Mpishi wa Keki

*

Tarehe 18 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Kabla hujaendelea kusoma, mtoe mtoto kwenye kile kiti. Weka barua chini, nenda kamtoe, halafu urudi.

Umerudi? Haya.

Gari silitaki. Kwa macho haya nikishika usukani nitawagonga watu niliowazalisha mwenyewe. Lakini hukukosea yote. Kuna kitu nilikiacha humo ndani, nikashindwa kukitaja mbele ya watu, na ni hiyo namba mbili.

Mume wangu alikuwa mpima ardhi, na alikuwa mrefu jamani. Watoto wa mtaani walimwita Ngongoti, kama wale wachezaji wanaotembea juu ya miti, na jina likamkaa mpaka ofisini. Maisha yake yote aliyaishi amejikunja. Milango ilimgonga paji la uso. Vitanda vilimwacha miguu nje. Magari ya kazini alipanda magoti yakiwa jirani ya masikio, na hakuwahi kulalamika. Akirudi kutoka porini nilikuwa namkanda mgongo, naye anasinzia katikati ya hadithi.

Alipostaafu akasema sasa ananunua gari lake mwenyewe. Kila mtu alijua atachukua likubwa. Tukaenda dukani, akajaribu yale makubwa yote, akasema ni kama kuendesha nyumba ya watu. Kisha akaingia kwenye hili, dogo, la kijivu, na muuzaji akageukia ukutani ili asicheke mbele ya mteja. Ngongoti akarudisha kiti nyuma. Akarudisha tena. Kikaenda, kikaenda, miguu yake ikakunjuka yote. Nikamuuliza, vipi? Akasema, "Mama watoto, leo kwa mara ya kwanza nimekaa."

Hicho kiti kinakumbuka watu wawili. Namba moja nikawa mimi, mbili akawa yeye. Nikishatoka kuendesha mimi, yeye anakuja, anafungua mlango, anabonyeza mbili akiwa nje bado, anasimama akisubiri kiti kimpishe kama mheshimiwa anayeandaliwa nafasi. Nilikuwa namcheka kila siku. Tulizunguka nalo sana, hatuna tunachokwenda kufanya, yeye anaendesha, mimi mkono wangu begani kwake. Hiyo ndiyo miaka niliyoipenda kuliko yote, kuliko hata ya ujana. Kisha sukari ikamwondoa, ingawa nililinda kila tonge lililoingia kinywani mwake.

Baada ya hapo, kila asubuhi kabla sijaondoka nyumbani, nilifungua mlango nikabonyeza mbili. Kiti kinarudi nyuma, vioo vinageuka vinamtafuta. Nasimama kidogo. Namwambia habari za nyumbani, nani kaoa, nani kagombana na nani. Halafu nabonyeza moja, nakaa, nakwenda zangu sokoni. Kwa hiyo nyaya hizo, kama zimechubuka, nimezichubua mimi kwa mapenzi, na sasa mtoto wako anamalizia kwa mchezo.

Usiniamini mimi. Namba ya gereji ya kampuni iko chini ya ule ukurasa, wapigie wenyewe. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na hapa, mwanangu, ni zaidi ya guu.

Mama Mkunga

*

Tarehe 2 Aprili

Mama yangu, shikamoo, na samahani mara mia.

Barua yako niliisoma jikoni, keki ikaungua kwenye oveni, nikaiacha iungue. Nilikudhania mwizi, kumbe unalinda watu. Huyo fundi wa mtaani nimemwambia mdomo wake autumie kula tu.

Mtoto nimemtoa. Namba mbili nimeiziba kwa karatasi ya kuokea na gundi. Nilimweleza kwa nini, na nilifikiri atanuna, lakini sasa akipanda gari asubuhi anakiambia kile kiti, "Shikamoo Babu Ngongoti," halafu ndiyo anakwenda kukaa nyuma. Sikumfundisha mimi.

Gereji niliwapigia, wakanijibu vizuri, ni kweli tupu. Wakanipa siku, nikaenda. Mama, sakafu yao inang'aa mpaka nikajitazama kama nimekuja na viatu vya jikoni, na kweli nilikuwa nimekuja navyo. Fundi wao, mwenye ovaroli isiyo na doa hata moja, akanieleza kila kitu bila kunidharau. Watabadilisha nyaya, na kile kisanduku kinachoendesha kiti watakitoa waweke kipya. Halafu akaniuliza, "Kuna nafasi za kukaa mlizohifadhi humu? Maana zote zitafutika, utapanga upya."

Nikamuuliza, hata namba mbili?

Akacheka. "Hata mbili, mama. Kiti kitakuwa hakimjui mtu."

Nikamwambia nipe ufunguo wangu. Akasema, mama, hii ni hatari. Nikasema nipe ufunguo. Nikaondoka na gari kama lilivyokuja.

Siwezi, mama. Mzee wa watu kakaa vizuri kwa mara ya kwanza uzeeni, halafu mimi nimfute kwa sababu ya keki? Hukuniambia kwamba atafutika, na nadhani hukujua, na ningetengeneza kimya kimya ningejiona mchawi. Kwa hiyo nimeamua. Namba mbili haitabonyezwa na mtu yeyote. Nitaendesha taratibu. Mtoto anakaa nyuma, mbali na huo mfuko wa hewa. Jana imewaka taa nyekundu kwenye dashibodi, ile ya kimtu kilichokumbatia mpira, na chini ya kiti pamenukia kidogo kama nywele zilizoungua. Usijali. Nikizima gari na kuliwasha, inapotea.

Nakupenda, na Ngongoti yupo salama.

Mpishi wako

*

Tarehe 6 Aprili

We mtoto wewe!

Barua hii anaipeleka mwanangu sasa hivi, nimemwinua kwenye chakula.

Kafute.

Sikuombi. Mzazi akiwa kitandani sikuwa namwomba asukume, nilikuwa namwambia. Nami nakuambia, kafute, na usiliendeshe kwenda huko, waambie waje walibebe.

Unasema unadhani sikujua. Nilijua. Barua ya kampuni ilikuwa na ukurasa wa pili. Mke wa mwanangu alinisomea, nikamwambia arudie, akarudia. Kisha nikaukunja nikauweka chini ya mto, nikakutumia wa kwanza peke yake. Nilitaka uende uambiwe huko huko, lifanyike, nami nisilazimike kuliandika kwa mkono wangu. Sikujua kwamba nimemuuzia gari mtu mwenye moyo wa aina hiyo. Lingekuwa la mtu mwingine ningesema ana huruma. Kwa kuwa ni wewe na mtoto wako mnaokaa humo, nasema ni ujinga.

Sikiliza. Ngongoti wangu alifia kitandani, miguu imepita ukingo wa kitanda kama kawaida yake, mimi nimeishika. Najua alipo. Kwenye kile kiti hakuna mtu, kuna waya unaoungua. Mikono hii imeingiza watoto duniani. Usinifanye niwe sababu ya mmoja kutoka.

Nitaumia, ndiyo. Nimeshaanza. Nilie mimi mzee, nimeshazoea.

Ukimaliza uniandikie neno moja tu, nilale.

Mama Mkunga

*

Tarehe 19 Aprili

Mama,

Nimefuta.

Umeomba neno moja, ndilo hilo. Walikuja kulibeba kama ulivyoagiza, majirani wakatoka kutazama, wakadhani nimeshindwa na maisha. Gari limerudi, taa nyekundu imezimika, harufu hakuna. Namba moja nimeipanga upya kwa miguu yangu mifupi. Sasa kuna jambo jingine, na nimekaa nalo wiki nzima nikijiuliza nikuambie au nilitupe.

Yule fundi wa ovaroli safi alipong'oa kiti aliniita. Nilijua ananiitia kunisuta kwa kuondoka siku ile. Akasema, "Mama, nani kwenu anakula peremende namna hii?" Nikatazama. Chini ya kiti, mama, kulikuwa na karatasi za peremende za mnanaa, zile za kijani na nyeupe, kila moja imekunjwa ndogo kama mbegu ya chungwa na kusukumizwa kwenye upenyo ulioko kati ya nyaya na chuma. Si moja, si mbili. Zimeshindiliwa humo kama pamba kwenye mto.

Akaanza kuzitoa huku akinung'unika. Kisha akawasha tochi, akaniambia niiname. Nyaya zilizokuwa wazi zimechubuka, moja imeshaungua, hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwasha taa. Lakini waya wa mfuko wa hewa ulikuwa umelala katikati ya zile karatasi, chuma hakikuufikia. Fundi akasema, "Aliyekula hizi, mshukuruni. Bila yeye hili lingekulipukieni usoni zamani."

Mimi peremende sili, na binti yangu hazipendi. Na wewe uliniandikia kwamba mzee alikuwa na sukari na ulilinda kila tonge. Sasa unaelewa kwa nini nilisita. Lakini nikawaza, huyu mama alinificha ukurasa mmoja, tukakaribia kuungua wote. Basi mimi sifichi. Nimezitia kwenye boksi la keki, nakutumia. Kama nimekosea, zichome, na mimi unisamehe.

Binti yangu alitoa ile karatasi ya kuokea akabonyeza mbili. Kiti hakikutikisika. Akasema, "Babu hayupo." Nikaingia jikoni nikalia juu ya unga wa watu.

Mama, njoo. Jumamosi ya pili ya Mei nina keki ya harusi ya kupeleka, mwambie mwanao akulete asubuhi tupeleke pamoja. Nataka ukae kwenye gari lako.

Mpishi wako

*

Tarehe 14 Mei

Mwanangu,

Nimefika salama na mgongo haujambo. Nilikaa kimya sana kwenye gari siku ile, ukadhani nimekasirika. Wewe uliona ya nje, ngoja nikuambie ya ndani.

Boksi lako lilipofika nilidhani ni keki. Mke wa mwanangu akalifungua, akasema, "Mama, ni takataka." Nikanusa. Hapo sikuhitaji macho.

Mnanaa! Yule mzee alikuwa akirudi nyumbani kila mara mdomo unanukia mnanaa. Nikamuuliza, akasema ni dawa ya meno mpya, meno yanamsumbua, akitoka dukani anapiga mswaki huko huko njiani. Nami nikaamini! Mimi, niliyekuwa naitambua mimba kwa kumwona mtu anavyoshuka ngazi, nikachezewa shere kwa dawa ya meno. Nilimkasirikia, mwanangu. Nilimsema kwa sauti mpaka mwanangu akaja kuchungulia mlangoni. Nikamwambia, uliniahidi. Nikamwambia, ungenisikiliza tungekuwa wote mpaka leo. Nikalia, nikalala, nikaamka nikaendelea nilipoishia.

Halafu nikakumbuka maneno ya fundi wako. Nikahesabu asubuhi zote nilizosimama pale nikibonyeza mbili, na kiti kinakwenda kusugua, na nikiketi naendesha na huo mfuko mbele ya uso wangu. Na jioni zote za binti yako. Hasira ikaniishia. Peremende hizo hizo zilizomwondoa ndizo zilizotulinda, na sijui nifanye nini na jambo kama hilo. Karatasi zake nimezirudisha kwenye boksi, boksi liko juu ya kabati. Mke wa mwanangu kakatazwa kuligusa.

Basi, mawazo hayo ndiyo niliyokuja nayo kwako. Keki imeshafungwa nyuma, binti yako kaikumbatia utadhani bibi harusi ni yeye. Ukaniweka kiti cha abiria, ukasema, "Mama, nionyeshe alikuwa anakaa wapi." Nikakuambia sioni. Ukasema, "Basi nionyeshe kwa mkono."

Nikafumba macho, ambayo hata hivyo hayana kazi, nikanyoosha mkono mahali nilipozoea kuuweka tukiwa tunazunguka, begani kwake. Palikuwa hewa tupu. Ukaanza kurudisha kiti. Zzzz. Nikasema, bado. Nyuma. Bado kidogo. Nilikusikia miguu yako ikiacha sakafu, mtoto akicheka. Kisha bega la kiti likaja, likajaa kiganjani mwangu, nikasema hapo.

Uliona machozi, hukuuliza, nakushukuru. Sikuwa nalia unavyodhani. Tangu siku ile uliponiandikia "nimefuta" nilikuwa na hofu ambayo sikumwambia mtu, kwamba gari ndilo lililokuwa likimkumbuka, na mimi nimeshasahau, nasingizia tu. Kumbe mkono unajua. Hata nikipofuka kabisa, mkono huu utajua alipokuwa.

Ndipo ukaniuliza, "Nihifadhi hapo, mama? Iwe namba mbili tena? Nyaya ni mpya, haina ubaya." Na nilijua haina ubaya. Nilitaka sana. Nilikaa nikiwaza nikisema ndiyo utafanya, na kila nitakapokuja utanibonyezea, na mtoto atasema shikamoo kwa kiti, na sote tutakuwa watu wa kumsubiri mtu asiyekuja. Mimi nimeshasubiri vya kutosha. Wewe una mtoto wa kulea na keki za kupeleka.

Jana mke wa mwanangu ameiandikia kampuni kwa niaba yangu. Mteja wenu mpendwa amefariki. Gari ni la mpishi wa keki, anwani yake hii hapa. Kwa hiyo wakiita tena, na wataita, hao watu hawachoki kukosea, barua itakuja kwako moja kwa moja. Ukiitwa, nenda. Usimsikilize fundi wa mtaani. Namba mbili iache tupu, siku miguu ya binti yako itakapofika chini atajua la kuifanyia.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kifuani. Maneno yote hayo hayakutoka. Niliuondoa mkono begani taratibu, kama nilivyouondoa siku zote tukifika tunakokwenda, nikakuambia tu, "Bonyeza moja, mwanangu, twende. Keki ya watu inasubiri."

Mama Mkunga